Milango ya kabati la vitabu inagoma kufunga, na sasa nataka kujenga kubwa zaidi

"Habari za kazi, fundi. Nina vitabu kama 700, vingi bado vimo kwenye maboksi. Nimepata chumba chenye ukuta mtupu wa mita 3, na dari iko mita 2.42 kutoka sakafuni. Nataka kujenga mwenyewe kabati la kujaza ukuta huo, lenye milango, kwa sababu ya vumbi na watoto. Nina msumeno wa umeme wa mkononi, drili, randa na klampu nne. Ila nimeshaumwa na nyoka. Miaka miwili iliyopita nilitengeneza kabati dogo la milango miwili. Rafu zake ni MDF (ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18, urefu sentimita 90, na sasa zimebonyea katikati kama kitanda cha kamba. Milango niliiunga kwa mbao tatu tatu na gundi, kila mmoja upana wa sentimita 45. Kiangazi inafunga vizuri, mvua zikianza inagoma mpaka uisukume kwa goti. Jirani yangu anasema kosa ni mbao nyembamba, safari hii nichukue za inchi mbili na bawaba kubwa za chuma. Shemeji yangu anasema niache milango kabisa, eti kabati lililofungwa huozesha vitabu. Nimsikilize nani?"

Nzuri, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nimeona kwamba unasumbuliwa na magonjwa mawili ambayo wewe na jirani mmeyafanya moja. Kuna rafu kupinda, kuna milango kugoma. Yanatokea kwenye kabati moja lakini hayana undugu hata kidogo. Jirani ameyapa yote dawa moja, unene. Kwenye rafu unene utasaidia, ila kwa gharama ambayo huna sababu ya kuiingia. Kwenye milango utauzidisha ugonjwa. Shemeji naye ameona jambo la kweli kuhusu unyevu, akalikimbia badala ya kulishughulikia. Tuyachukue taratibu.

Tuanze na uzito, kwa sababu watu wengi huupuuza mpaka siku ya kupanga vitabu. Mita moja ya rafu iliyojaa vitabu vya kawaida hubeba kama kilo 30, na vile vikubwa vya picha au kamusi nzito hupita hapo. Vitabu 700, ukikadiria sentimita mbili na nusu kila kimoja, vinataka mita 17 na nusu za rafu. Hiyo ni nusu tani na ushee ya karatasi, bila kuhesabu mbao zenyewe.

Sasa rafu yako ya sentimita 90. Haikuvunjika, na pengine haitavunjika hata miaka kumi ijayo. Imepinda tu, na kupinda na kuvunjika ni mambo tofauti. Ubao unaweza kuwa na nguvu nyingi za kubeba na bado ukawa laini wa kupinda. Kinachoamua ni vitu vitatu: urefu kati ya egemeo na egemeo, unene, na aina ya ubao. Urefu ndiye mfalme. Mzigo ukitandazwa rafu nzima, mpindo hukua kwa urefu uliozidishwa wenyewe mara nne. Kwa hiyo rafu ya sentimita 60 hupinda karibu mara tano pungufu ya ile ya 90, ubao ni uleule, vitabu ni vilevile. Unene nao una nguvu, kwa maana ukiuongeza mara mbili mpindo unashuka mara nane. Kuhusu aina ya ubao, MDF na chipbodi ni laini sana kwa kupinda. Plaiwudi nzuri ina ukakamavu wa kama mara mbili yake, na mbao ngumu kama mkangazi au mvule hufika mara tatu au zaidi.

Nimekupigia hesabu ya rafu yako. MDF ya milimita 18, kina cha sentimita 28 au hivyo, urefu wa 90, ikibeba kilo 30 kwa mita, inashuka katikati milimita 6 siku ileile unapoweka vitabu. Jicho la binadamu huanza kushtuka mpindo ukifika milimita mbili hivi kwa kila mita, maana yake ulikuwa umeshazidi mara tatu kabla hujafunga mlango. Kisha kuna jambo ambalo halionekani dukani: ubao unaobeba mzigo usioondoka huendelea kulegea polepole. Baada ya miaka kadhaa mpindo unaweza kuwa mara mbili ya ule wa siku ya kwanza, na MDF hulegea hivyo kuliko mbao halisi. Kitanda chako cha kamba hakina siri nyingine.

Kwa hiyo fupisha rafu. Ukuta wa mita 3 ukiugawa masanduku manne, ukaacha sentimita 4 kila upande, kila sanduku linakuwa na upana wa sentimita 73 kwa nje na karibu 69 kwa ndani. Rafu ya plaiwudi ya milimita 18 yenye urefu huo inashuka kama milimita moja tu. Hakikisha nyuzi za tabaka la nje zinakimbia kwa urefu wa rafu, kutoka ukuta wa kushoto wa sanduku kwenda wa kulia. Nimeona watu wakikata plaiwudi kwa kufuata namna karatasi inavyobakiza vipande vichache, rafu zikatoka na nyuzi za kukatisha, halafu wanalaumu kiwanda. Juu ya hapo, gundisha ukingo wa mbao ngumu mbele ya kila rafu, upana wa milimita 20 na kina cha milimita 40 au 45, usimame kwa ubavu wake. Kipande hicho chembamba, kwa kuwa kimesimama, kina ukakamavu kuliko rafu nzima ya MDF uliyonayo sasa. Kinaficha tabaka za plaiwudi pia.

Mbao za inchi mbili, je? Zitabeba, sikatai. Ila kabati lako litakuwa na safu saba za vitabu kutoka chini hadi juu, na kila rafu ikinenepa kwa zaidi ya sentimita 3 utapoteza karibu sentimita 20 za kimo, yaani karibu safu nzima. Na ubao mnene hukauka kwa taabu. Wazee wa kazi hukadiria mwaka mmoja kivulini kwa kila inchi ya unene. Ubao wa inchi mbili unaouzwa kama mkavu mara nyingi ni mkavu kwa nje tu, ndani bado una maji ya msitu, na hayo maji yakitoka ukiwa umeshajenga, ubao unajipinda utakavyo wenyewe.

Hapo ndipo tunafika kwenye milango.

Ubao ni kama mafungu ya mirija midogo iliyobanwa pamoja, yote ikielekea upande mmoja, ule mti ulivyokuwa ukisimama. Hewa ikiwa na unyevu, kuta za mirija hunywa maji na kunenepa. Hewa ikikauka, zinasinyaa. Mirija ikinenepa, ubao unatanuka kwa upana. Kwa urefu mabadiliko ni madogo mno hata hutayapima kwa futikamba. Ubao uliopasuliwa bapa, ule wenye michoro kama vilima usoni, hucheza karibu mara mbili ya ubao uliopasuliwa kuelekea kiini cha mti, wenye mistari iliyonyooka. Na haijalishi ubao una umri gani. Mlango wa miaka hamsini bado unapumua na majira.

Chukua mlango wako wa sentimita 45 uliounganishwa kwa mbao tatu. Gundi ikikauka, mbao tatu zimekuwa ubao mmoja mpana. Kati ya kiangazi na mvua upana wake unaweza kubadilika kwa asilimia moja hivi, yaani milimita 4 na nusu. Wewe uliacha nafasi gani kati ya mlango na mlango? Nadhani milimita mbili, tatu, kama kila mtu. Milango miwili ikitanuka pamoja, itaenda wapi? Inagongana, nawe unaleta goti. Bawaba kubwa za chuma zingeizuia vipi? Zingeshika imara kabisa mlango ambao bado haufungi.

Mafundi walilitatua hili zamani sana kwa fremu na paneli. Unatengeneza fremu ya mbao nne nyembamba, mbili za kusimama na mbili za kulala, zikiungwa kwa ulimi na tundu (ncha ya ubao mmoja huchongwa iingie kwenye tundu la mwingine), na katikati unaingiza paneli kwenye mtaro bila gundi. Upana wa mlango sasa unaamuliwa na zile mbao mbili za kusimama pamoja na urefu wa zile za kulala, na urefu wa ubao haubadiliki. Kila mbao ya kusimama ikiwa sentimita 6, jumla ni 12. Asilimia moja ya 12 ni milimita moja na kidogo. Kutoka milimita 4 na nusu mpaka moja! Paneli ya mbao halisi itacheza ndani ya mtaro wake; iachie nafasi ya milimita 3 kila upande, na uipake vanishi kabla hujaiingiza, la sivyo ikisinyaa itaonyesha mstari mweupe pembezoni. Kama paneli ni plaiwudi, huna haja ya kuiachia nafasi hiyo, unaweza kuigundisha, na mlango utakuwa imara zaidi.

Kuna dhana nyingine niiondoe hapahapa: vanishi haizuii ubao kutanuka. Inachelewesha tu. Ukipaka uso wa nje ukaacha wa ndani, umefanya vibaya kuliko kutopaka kabisa, kwa sababu upande mmoja utakunywa unyevu haraka na mwingine pole, na mlango utajikunja kama chapati iliyosahauliwa. Paka pande zote mbili, idadi ileile ya mikono.

Kama fremu na ulimi zinakutisha, njia ya mkato ipo na haina aibu: mlango bapa wa MDF ya milimita 18 uliopakwa rangi pande zote na kingo zote. MDF hupinda ikibeba, lakini mlango haubebi kitabu, na kwa majira MDF hutanuka kidogo sana kwa upana. Ubaya wake ni uzito, na skrubu hazishiki vizuri kwenye ukingo wake. Kabati lako litakuwa na masanduku manne ya chini, mafupi, na manne ya juu, marefu; vipimo kamili vinakuja. Kwa masanduku ya chini ningekubali milango ya MDF. Kwa milango ya juu, iliyo mirefu, ningependa fremu yenye kioo. Kioo cha milimita 4 kina kilo 10 kwa mita ya mraba. Kwenye fremu nyembamba ya kimo cha sentimita 145 utatumia kama theluthi moja ya mita, kilo 3 na kitu, na unaona migongo ya vitabu vyako. Kwa kuwa kuna watoto, agiza kioo kilichochomwa, kile ambacho kikivunjika kinakuwa punje na hakitoi visu. Kipime kabla hakijachomwa, kwa sababu baada ya hapo hakikatwi tena. Milango ya kuteleza? Inaokoa nafasi mbele ya kabati, lakini unaona nusu ya vitabu tu kwa wakati mmoja, na reli yake inadai rafu ya juu isiyopinda hata kidogo. Mimi kwa vitabu siipendi.

Weka milango miwili kwa kila sanduku, kila mmoja upana wa sentimita 36. Huo wembamba una maana. Mlango ukiwa na upana mara mbili, unakuwa mzito mara mbili, na uzito huo unaning'inia mbali na bawaba mara mbili, kwa hiyo bawaba ya juu inavutwa mara nne. Kwa milango ya kimo cha 145 tumia bawaba tatu, kwa ile ya 75 mbili zinatosha. Chukua bawaba za kikombe, zile zinazoingia kwenye tundu la milimita 35 nyuma ya mlango, na milango iwe ya kufunika ukingo wa sanduku kwa nje. Bawaba hizo zina skrubu za kurekebisha juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Milango inayoingia ndani ya fremu inapendeza kweli, lakini inataka kila pengo liwe sawa kwa nusu milimita, na kwa kabati la pili la maisha yako hujafika huko. Kosa moja la wengi: panga kimo cha bawaba kisilingane na kimo cha rafu yoyote. Mkono wa bawaba huingia ndani ya sanduku, ukikutana na rafu utalazimika kuichonga.

Hata hivyo, bawaba nzuri haiwezi kuficha sanduku bovu, na hili ndilo ningependa ukumbuke kuliko yote niliyoandika. Mlango ni mraba, yaani kona zake zote nne ni pembe mraba. Ukiuning'iniza kwenye sanduku lililopinda pembe, unakuonyesha kosa kwa pengo linaloanza jembamba juu na kuishia pana chini.

Mwaka fulani nilifunga kabati la mteja, milango sita, na mlango mmoja ukakataa kulingana na mwenzake. Nikarekebisha bawaba. Nikabadilisha bawaba. Nikaondoa mlango nikaupiga randa. Jioni, nimechoka, nikaketi sakafuni kunywa maji, nikaona mwanga unapita chini ya kona ya mbele ya kabati. Nikakunja kipande cha kadibodi, nikakisukuma chini ya kona ile. Milango ikajipanga yenyewe mbele ya macho yangu, kama wanafunzi mwalimu akiingia. Kona ilikuwa juu kwa milimita 4.

Kwa hiyo anza na kitako. Tengeneza fremu ya chini peke yake, kimo cha sentimita 10, iweke mahali pake, na uisawazishe kwa pimamaji na kabari mpaka kiputo cha hewa kikae katikati kwa urefu na kwa kina. Ukitumia nusu siku hapa, usijilaumu. Sakafu karibu zote zina mteremko kidogo hata zikionekana bapa kama meza.

Halafu masanduku. Chukua boksi la kadibodi, fungua juu na chini, ulisukume pembeni: linalala. Gundisha chini tu: halilali tena. Mgongo wa kabati unafanya kazi hiyohiyo. Usiweke kile kibao chembamba cha kupigilia misumari midogo. Weka plaiwudi ya milimita 6 au zaidi, ikae kwenye mtaro wa nyuma, gundi na skrubu kila sentimita 15. Kabla gundi haijashika, pima kutoka kona hadi kona, kushoto juu mpaka kulia chini, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikiwa sawa, sanduku ni mraba. Vikipishana, zivute kwa klampu zile kona mbili zenye kipimo kirefu mpaka vilingane, ndipo ukaze. Rafu moja katikati ya kila sanduku la juu iwe ya kudumu, iingie kwenye mtaro wa milimita 6, ili mbao za pembeni zisitanuke kama tumbo. Nyingine ziache za kuhamishika kwa pini za milimita 5. Matundu yake yatoboe kwa kiolezo kimoja ulichokichonga kwenye kipande cha plaiwudi, usipime kila tundu kwa penseli. Ukipima moja moja, kuna rafu itakayoyumba kwa miguu mitatu.

Kuhusu vipimo vya jumla, ningejenga masanduku manne ya chini yenye kimo cha 75 na kina cha 40 kwa faili na vitabu vikubwa, na manne ya juu yenye kimo cha 145 na kina cha 30. Pamoja na kitako ni mita 2.30. Safu mbili chini, tano juu, unapata mita 19 na zaidi, vitabu vyako vinaenea na nafasi kidogo ya vijavyo (vitakuja, nawajua watu wa vitabu). Zile sentimita 4 za kila upande ukutani zizibe kwa kibao kilichochongwa kufuata ukuta. Bila hizo mlango wa pembeni hautafunguka vizuri kwa sababu utagonga ukuta.

Usije ukashawishika kulijenga kama kipande kimoja cha mita 2.40 ukilaze sakafuni halafu ukiinue. Kabati la kimo cha 2.40 na kina cha 40 likiwa linainuka, kona yake inapita kimo cha mita 2.43, na dari yako ni 2.42. Niliwahi kufanya kosa hilo ujanani. Tulikuwa wanaume watatu tumelishika kabati hewani, limekwama kwenye dari, kila mmoja anamtazama mwenzake. Tulilikata kitako kwa msumeno wa mkono.

Shemeji sasa. Milango haitengenezi unyevu, lakini inaufungia ndani. Ukungu huota hewa ikikaa muda mrefu na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 au 70, na hewa iliyotulia nyuma ya vitabu vilivyobanwa kwenye ukuta baridi wa nje ndipo mahali pake pazuri. Kwa hiyo usiligandishe kabati ukutani. Acha sentimita 3 hadi 5 nyuma, ukiweka vibao vya kupachikia juu na chini. Toboa matundu machache kwenye kitako na mengine juu ya mgongo wa kila sanduku ili hewa ipande. Usisukume vitabu mpaka nyuma kabisa. Nunua kipima unyevu kidogo, ukiache ndani ya sanduku moja kwa mwezi. Vile vilivyokaa kwenye maboksi, vipepee kivulini kwanza, kimoja kimoja, maana kitabu kimoja chenye ukungu kikifungiwa na wenzake kinawaambukiza. Ukifanya hivyo, milango ni faida tupu: vumbi halifiki, na jua halifubazi migongo, kwa sharti kwamba kama milango ni ya kioo, dirisha lisiitazame moja kwa moja. Rangi au vanishi ikiisha kupakwa, acha milango wazi wiki tatu au nne kabla ya kuweka vitabu. Harufu ikiwa bado ipo, subiri tena.

Lipo jambo moja ambalo hukuuliza. Lifunge kabati ukutani. Usiseme ni zito, haliwezi kuanguka. Mtoto akifungua milango yote ya juu na kuweka mguu kwenye rafu, uzito unakuja mbele, na kabati likianza kuegemea hakuna mtu wa kulishika. Kwenye kile kibao cha juu cha kupachikia, piga skrubu mbili kwa kila sanduku zenye kuingia ukutani, na vitabu vizito viwe chini. Ukuta wa tofali au zege unataka plagi, kile kidude cha kushikia skrubu ndani ya tundu, na tundu lililosafishwa vumbi. Ukuta wa tofali lenye uwazi ndani au wa jasi unataka vishikio vya aina yake, na vile vya kawaida vitang'oka kama jino bovu.

Mambo ya kumwita mtu aje aone kwa macho si mengi, lakini usiyaruke. Kama chumba kiko ghorofani na sakafu ni ya mbao, mwite mhandisi au fundi mjenzi anayeaminika kabla hujanunua hata ubao mmoja, kwa sababu zaidi ya nusu tani kwenye mstari mmoja si mzigo wa sakafu kukisia. Kama ukuta huo una doa la maji, rangi inayobanduka au chumvi nyeupe, tafuta kwanza unyevu unakotoka. Ukiuziba kwa kabati umeuficha tu. Ukiona swichi au soketi kwenye ukuta huo, jua kuna nyaya ndani, na fundi umeme akuonyeshe zinakopita kabla ya kutoboa. Na ukiona unga laini chini ya mbao ulizonazo na vitundu vidogo kama vya sindano, usiziingize ndani ya nyumba mpaka mtu anayejua wadudu wa mbao azikague. Sehemu nyeupe ya ubao, ile ya karibu na gome, ndiyo wanayoipenda.

Kukata karatasi za plaiwudi, waombe wanaokuuzia wakupasulie kwenye mashine yao. Msumeno wako wa mkononi unaweza, lakini vipande karibu sitini vyenye kingo zilizonyooka sawasawa ni kazi ya mashine ya meza, na mraba wa sanduku huanzia hapo. Milango usiikate mapema. Simamisha masanduku yote, yafunge pamoja, yafunge ukutani, ndipo upime kila uwazi na kutengeneza mlango wake.

Kabla ya yote hayo, nenda kwenye kabati lako dogo. Ondoa vitabu, zigeuze zile rafu tumbo lielekee juu, na uzigundishe ukingo wa mbao ngumu mbele. Zitanyooka kwa mzigo uleule uliozipinda, na utapata mwaka au miwili zaidi. Milango isubiri siku ya unyevu mwingi ndipo uipige randa, kidogo kidogo, mpaka ipishane bila kugusana. Kiangazi pengo litakuwa kubwa kidogo. Pigilia kibao chembamba kwenye mlango mmoja kifunike pengo hilo. Utakuwa umefanya mazoezi ya randa, gundi na ukingo kwenye kabati ambalo halina cha kupoteza, na ukimaliza niandikie vipimo vya kona hadi kona vya sanduku lako la kwanza jipya.